Aneth na Maji ya Mchangani

Aneth alizaliwa Sekenke, juu kwenye mwinuko wa Iramba, ambako makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu hunguruma kutwa nzima. Mama yake alikuwa akiwauzia wachimbaji chai na chapati, na Aneth alipomaliza darasa la saba akaingia naye kibandani. Kutoka pale kibandani unaiona mbuga ya Wembere yote imelala chini. Kiangazi inafanana na ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani. Masika inageuka. Maji yanaingia taratibu kutoka kila upande, bila kishindo, na asubuhi moja unaamka unakuta mbingu ziko mbili, moja juu na moja chini, na ndege weupe wanapita katikati huku wewe hujui wameshika ipi.

Huko chini ndiko alikotoka Naftali.

Alikuwa akipanda mlima anasukuma baiskeli yenye gunia la mchele. Kijana mrefu, mkimya, mwenye shingo ndefu ya watu wa kwao. Akinunua chai aliinywa akiwa amegeukia pembeni. Wachimbaji wakimchekesha, aliinamisha kichwa na kuziba mdomo kwa kiganja, na kicheko chote kikahamia machoni. Aneth alikuwa hajawahi kumwona mtu anayecheka kwa macho peke yake.

"Kwa nini unaficha mdomo?" alimuuliza siku moja walipobaki wawili.

"Meno ya mbugani," Naftali akajibu. Akaondoa kiganja kidogo, kama mtu anayefungua mlango aone kama mvua imekatika. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye mistari, na mawili ya mbele yalikuwa yamelika pembeni.

Aneth akayatazama bila haraka. "Yanauma?"

"Hayaumi."

"Basi kunywa chai umegeukia huku."

Mavuno ya mwaka uliofuata walifunga ndoa kanisani, na Aneth akashuka mlima akiwa amekaa juu ya mizigo yake kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Njia nzima alikuwa akigeuka kutazama nyuma. Mlima ulizidi kuwa wa bluu, mwishowe ukawa mwembamba kama moshi, na sauti ya makarasha ikapotea. Hakuwa amewahi kusikia kimya cha namna ile. Usiku wa kwanza alidhani masikio yake yameziba.

Kijijini walichota maji kwenye pampu ya mkono, kisima kirefu kilichochimbwa na wafadhili zamani. Yalikuwa maji maangavu na baridi. Ukiyanywa unahisi kama umelamba jiwe. Chai iliyopikwa kwa maji yale ilitoka nyeusi hata ukiweka majani kidogo, na maharage yaliiva upesi kama yametiwa magadi. Mama mkwe wake, Rahabu, aliyasifu. "Huko kwenu mnateseka na kuni," alimwambia. "Haya yanapika yenyewe."

Rahabu alikuwa na meno ya kahawia kuliko mtoto wake, na alicheka nayo waziwazi. Ila alipotaka kumtazama mtu aliye pembeni, aligeuza mwili mzima, kuanzia miguuni. Shingo haikugeuka. Wazee wengi wa pale walikuwa hivyo. Ukipita njiani ukawaamkia, walikuzungukia taratibu kama milango mizito. Aneth alidhani ni uzee tu.

Akamzaa Abraham. Meno ya utoto yakatoka meupe, na Aneth akasahau habari ya meno. Alikuwa na mtoto mgongoni, mpunga majarubani, na mume ambaye jioni alikaa naye mlangoni wakatazama mbuga ikibadilika rangi, bila kuona haja ya kusema neno. Miaka ile, akiikumbuka sasa, anasema ilipita kama mtu aliyesinzia kwenye jua la asubuhi.

Abraham alipong'oka meno ya utoto na kuanza kuota ya ukubwani, yalitoka na mabaka meupe ya chaki. Baadaye mabaka yakageuka rangi. Kila asubuhi Aneth alimwambia mtoto afungue mdomo, na kila asubuhi kahawia ilikuwa imeongezeka kidogo, au yeye aliona imeongezeka. Alimsugua kwa mkaa, kwa chumvi, kwa mswaki wa mti, mpaka mtoto akaanza kumkimbia.

"Mwache," Naftali alimwambia kwa upole. "Ni wa kwetu."

"Najua ni wa kwenu. Lakini na yeye atakunywa chai amegeukia pembeni?"

Naftali aliinuka. Alikwenda kufunga ng'ombe, na Aneth akajuta kusema.

Wakati huo, akiwa na mimba ya pili, ndipo Editha alipofika. Editha alikuwa mtaalamu wa maji, dada wa Kinyaturu mwenye sauti ndogo, amekuja na gari na sanduku la chupa. Alichota maji ya pampu, akachota ya visima vya jirani, akaenda nayo Singida mjini. Aliporudi aliwakusanya akina mama barazani kwenye ofisi ya kijiji, akavua viatu, akakaa nao kwenye mkeka.

"Chini yetu kuna mwamba," alisema, "na mwamba huo una madini yanaitwa floraidi. Maji ya kisima kirefu yamekaa na mwamba miaka mingi. Yanauyeyusha polepole, kama sukari inavyoyeyuka kwenye chai, ila hii haina utamu. Kidogo inasaidia meno. Ya hapa kwenu ni nyingi mno. Mtoto akiyanywa wakati meno yanajiumba ndani ya fizi, yanatoka hivi. Na mtu mzima akiyanywa maisha yake yote, yanaingia kwenye mifupa."

Akina mama wakamgeukia Rahabu, na Rahabu akawageukia kwa mwili mzima.

"Nikiyachemsha?" Aneth aliuliza.

"Ukichemsha unaua vijidudu, mama. Madini yanabaki. Maji yanapungua kwenye sufuria, madini hayapungui."

"Sasa mtoto anywe nini?"

"Maji ya mvua, ukiweza kuyakinga. Kiangazi, maji ya kwenye mchanga wa mto. Yale ni mvua ya juzi tu, hayajakaa na mwamba yakazoeana. Lakini hayo lazima uyachemshe."

Aneth alishika maneno yote isipokuwa ya mwisho. Alikuwa amekwishaondoka pale mkekani kwa mawazo, yuko mtoni.

Mto wao hauna maji ya kuonekana isipokuwa masika. Miezi mingine ni njia pana ya mchanga inayopinda katikati ya mbuga, na mgeni anaweza kuuvuka asijue amevuka mto. Lakini maji yapo. Yanatembea chini kwa chini, polepole sana, ndani ya mchanga wenyewe. Leah alipozaliwa, Aneth akaanza kwenda huko alfajiri na bakuli na kata. Alipiga magoti, akachimba kwa mikono mpaka mchanga ukawa mweusi wa unyevu, akasubiri. Kishimo kilijaa bila sauti. Mchanga ulikuwa na vumbi linalometameta, lile lile alilolikung'uta kwenye nguo za wachimbaji akiwa msichana, maana mvua huuchukua mlima kidogo kidogo na kuuleta mbugani. Kila mwaka Sekenke ilikuwa ikimfuata, punje kwa punje. Akiwa peke yake pale, mikono ndani ya maji, wakati mwingine alipotewa na saa. Alikuja kushtuka jua limepanda na mtoto analia mgongoni.

Maji yale yalikuwa matamu. Yalikuwa na ladha ya mvua. Aliyaona safi, akampa Leah vile vile yalivyo.

Leah alipoanza kutembea, aliugua. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, tumbo likajaa, macho yakazama. Zahanati walisema ni homa ya matumbo. Alilazwa, akawekewa dripu, na Aneth akakaa pembeni ya kitanda akiangalia matone yakidondoka ndani ya kile kichupa kidogo.

Rahabu alikuja kumwona mjukuu. Alisimama, akamtazama mtoto, kisha akajigeuza kwa mkwe wake.

"Maji uliyoyakimbia yamelea watoto wangu wote," alisema. "Meno yao ni mabaya, lakini wako hai."

Aneth alilia. Neno la Editha lilikuwa limemrudia lote sasa, wazi kabisa, hata ile sauti yake ndogo. Lazima uyachemshe.

Mtoto alipona. Siku waliyorudi nyumbani, Naftali alikwenda porini akarudi na mzigo wa kuni, akauweka jikoni. Kesho yake akaleta mwingine. Hakusema ni za nini. Tangu siku ile, kila jioni sufuria kubwa ilichemka kwenye mafiga mpaka maji yakaruka, na asubuhi Leah na Abraham walikunywa ya mtungini yaliyopoa. Kazi ilikuwa kubwa kuliko zamani, kuchota mbali na bado kuchemsha, na majirani walimcheka. Aneth aliendelea. Hata mwaka ambao yeye aliugua malaria, Naftali mwenyewe alikwenda mtoni na kata, mwanamume mzima, amepiga magoti mchangani huku wanawake wakimtazama. Mgongo wake ulikuwa umeanza kukaza wakati huo. Asubuhi alisimama kwa kushika mwimo wa mlango.

Meno ya Leah ya ukubwani yakatoka meupe kama mtama uliokobolewa.

Aneth alidhani huo ndio mwisho wa habari. Hakujua kwamba shuleni watoto walikuwa wakimwita Leah "meno ya dukani." Leah alikuwa mtoto wa kuwaza. Siku moja akiwa anachambua mlenda aliinua kichwa akauliza, "Mama, mimi mlinitoa wapi?"

"Tumboni kwangu. Wapi tena?"

"Hapana," alisema Leah taratibu. "Kabla ya hapo."

Aneth alicheka, akaendelea na kazi.

Mwaka wa mvua za El Nino, mto ulihama.

Mvua haikunyesha kwao. Ilinyesha milimani, siku nyingi, na mbugani anga lilikuwa jeupe tu. Kulipokuwa kunapambazuka Aneth alisikia sauti kama watu wengi wanatembea kwenye nyasi ndefu. Alitoka nje. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanakuja mapana, hayana haraka, yamebeba miti iliyosimama wima na mizizi yake, inapita mbele ya nyumba kama watu wanaokwenda ibadani. Aliitazama kwa muda, hakuogopa, alidhani bado amelala. Kisha Naftali akamshika mkono, wakabeba watoto na kumshika Rahabu kwapani, wakakimbilia kwenye kiinuko cha kanisa pamoja na kijiji kizima. Hakufa mtu. Mbuzi walikwenda, na kuku, na vibanda vya mabondeni.

Maji yalipopungua, waliona. Njia ya zamani ya mto ilikuwa imejaa tope zito la mfinyanzi, limekauka na kupasuka. Visima vya mchangani vyote vilikuwa chini yake. Na majaruba ya Naftali, yale aliyoachiwa na baba yake, yalikuwa yamefunikwa mchanga mtupu, mweupe, unaofika pajani.

Naftali alikwenda na jembe begani, akasimama katikati ya mchanga ule, akarudi. Kesho akaenda tena, akasimama, akarudi. Hakugombana na mtu. Alikula akipewa. Ila maneno yalimwishia, na jioni alikaa mlangoni akiitazama mbuga kama mtu anayetazama picha ya nchi nyingine. Aneth alikaa naye.

Jioni moja Leah alirudi kutoka upande wa mto wa zamani akiwa anatembea kwa uangalifu, mdomo wazi, midomo ameivuta mbali na meno. Alikuja mpaka mbele ya kiti cha baba yake.

"Shikamoo baba," alisema kwa shida.

"Marahaba."

"Niangalie."

Akakenua. Alikuwa amechukua lile tope la mfinyanzi, akalilainisha kwa mate, akapaka meno yote, akaliacha likauke. Meno ya kahawia, yenye mistari ya kidole.

"Shuleni wananiita meno ya dukani. Sasa nafanana na nani?"

Naftali alimtazama. Mkono wake ulipanda kuelekea mdomoni, kwa mazoea, lakini haukufika. Kilimtoka kicheko cha sauti, kikubwa, kikamshinda, akaegemea ukuta akicheka na meno yake yote nje. Aneth alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani kuna mgeni, maana hakuitambua sauti ile. Miaka yote hiyo ya ndoa hakuwahi kuisikia. Rahabu naye alijigeuza, akaona, akaanza kucheka, na Abraham akacheka kwa sababu bibi anacheka.

"Njoo hapa," Naftali alimwambia Leah alipoweza kuongea. Akamshika kidevu. "Na hiyo pua, nayo ni ya dukani? Na hayo masikio? Nani ana masikio kama hayo hapa kijijini?"

Leah akamtazama masikio. "Wewe."

"Basi kanawe mdomo. Hilo tope limekanyagwa na ng'ombe."

Leah alitema, akatema tena, akakimbilia mtungini. Usiku huo Naftali alikula akaomba aongezewe.

Maji ya mvua waliyokinga kwenye madumu yaliisha kiangazi kilipoanza, wakarudi kwenye pampu kama kila mtu. Aneth aliyapeleka kinywani kwa huzuni. Mchana, kazi zikipungua, alikwenda kutembea juu ya mchanga uliofunika shamba lao, bila sababu ya kusema. Ulikuwa na joto la kuchoma nyayo. Hewa ilitetemeka, mlima wa kwao ulielea juu ya ardhi, na miti ya mbali ilisimama juu ya maji ambayo hayakuwepo.

Katikati ya mtetemo huo aliona kitu cheupe kikipumua. Alidhani ni macho yake yanamdanganya. Alisogea. Walikuwa vipepeo, weupe na wa njano, wametua mchangani kwa wingi, wamebanana, wanafunga mabawa na kufungua. Alipowafikia waliinuka wote kwa pamoja, wakamzunguka, kwa muda akawa haoni isipokuwa mabawa, halafu wakatua tena pale pale. Mchana uliofuata walikuwepo. Na uliofuata. Walikaa kwenye mstari uliopinda kukata shamba, hawakukaa kwingine.

Aneth akainama kugusa. Mchanga wa chini ya vipepeo ulikuwa wa baridi.

Alikwenda kumwita mume wake. Naftali alishuka kwa magoti polepole, akishika jembe kama mkongojo, wakachimba pamoja. Mchanga mweupe, kisha wa kijivu, kisha mweusi. Walipofika kina cha mkono hadi begani, maji yakaja. Yalifumbuka chini ya shimo kama jicho.

Naftali aliyaonja kwa kiganja. "Ni ya mvua," alisema. Akakaa kitako pale mchangani, shambani kwa baba yake, akayatazama muda mrefu. "Ndiyo sababu hakuna shamba tena. Hapa sasa ni mto."

Waliyachemsha jioni ile ile.

Editha alikuja tena na sanduku lake, sasa akiwa amevaa miwani. Alipima, akapeleka chupa mjini, akarudi akasema yanafaa, na kwamba yalindwe. Naftali alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji akasimama, akasema eneo lile analitoa liwe kisima cha wote, maana yeye hawezi kulima mto. Kiangazi hicho mafundi walishusha pete za zege, wakafunika, wakazungushia miiba ng'ombe wasiingie. Aneth akachaguliwa kwenye kamati ya maji, na akina mama waliomcheka ndio anaowakumbusha sasa, kila wakija, wakachemshe.

Rahabu alipelekewa kikombe. Akanywa, akafikiri.

"Hayana kitu ndani," alisema. "Pelekeeni watoto." Na mpaka leo chai yake inapikwa kwa maji ya pampu, nyeusi tii.

Abraham yuko sekondari Kiomboi. Anaimba kwaya, na anaimba mdomo ukiwa wazi kabisa. Aneth analima alizeti kwenye kishamba cha juu, karibu na kanisa, kwa sababu Naftali hawezi tena kuinama. Siku moja alimvuta Editha pembeni akamuuliza kama maji mazuri yataulegeza mgongo wa mume wake. Editha alimshika mkono. "Mifupa hairudi ilivyokuwa, dada yangu," alisema. "Itaacha kukaza zaidi, labda. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya." Aneth alimshukuru.

Masika iliyopita mbuga ilijaa vizuri, maji ya kutanda tu, yasiyo na nguvu. Asubuhi ya Jumapili moja Aneth alimchukua mume wake, wakashuka mpaka mahali ambapo watoto huogelea, penye maji ya kiunoni, ya uvuguvugu. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kumwosha mgongo. Lakini Naftali alipofika kinani aliegemea nyuma, na maji yakambeba. Miguu ikainuka yenyewe. Uso wake ukalegea, ukawa uso wa yule kijana wa baiskeli.

"Aneth," alisema, "sisikii mgongo."

Sasa wanakwenda kila maji yanapokuwepo. Anamwekea viganja viwili chini ya kichwa, yeye amesimama, na Naftali amelala juu ya mawingu, masikio ndani ya maji, ndege wanapita juu na chini yake. Hawaongei, maana hawezi kumsikia. Wakati mwingine anapitiwa na usingizi kabisa, na Aneth anaendelea kumshika.